Kabla ya Kumhukumu Mama Lishe: Vinasaba vya Bakteria Vinatufundisha Nini?



Mtu akiharisha Mbagala, swali la kwanza ni, "Ulikula wapi?" Likitajwa genge fulani la Rangi Tatu, kesi imekwisha: mwenye kosa ni mama lishe. Wakiugua watatu wa mtaa mmoja, meza yake inakosa wateja na watoto wake wanakosa ada. Huenda chakula chake kweli kilikuwa na vijidudu. Lakini huenda pia wagonjwa wote watatu walichota maji kisima kimoja, au walinunua samaki kwa mchuuzi mmoja. Tutaujuaje ukweli?

Kipimo cha kawaida cha maabara huotesha vijidudu kutoka kwenye choo cha mgonjwa na, baada ya siku kadhaa, hutaja jina: Salmonella, kwa mfano. Jina hilo ni la kundi kubwa mno. Kuikuta Salmonella kwa mgonjwa na kuikuta tena kwenye kuku wa kukaanga hakuthibitishi kwamba kuku ndiye aliyemuumiza. Ni sawa na kukuta watu wawili wanaoitwa Juma ukasema ni ndugu.

Hapo ndipo inapoingia kazi ya kusoma vinasaba. Kipimo cha DNA wengi tunakijua kwenye mashauri ya kumtafuta baba wa mtoto. Bakteria nao wana DNA, na maandishi yake yana herufi nne tu: A, C, G na T. Kijidudu cha kipindupindu kina herufi zipatazo milioni 4. Mashine huzisoma, kisha kompyuta huzilinganisha na za vijidudu vingine. Bakteria anapojigawa, mara mojamoja herufi hukosewa, na kosa hilo hurithiwa na uzao wake. Kwa hiyo bakteria wawili wakitofautiana kwa herufi chache sana, wametoka chanzo kimoja hivi karibuni. Wakitofautiana kwa nyingi, undugu wao ni wa mbali.

Afrika Kusini iliona faida yake. Tangu mwaka 2017 ugonjwa wa listeria uliwapata watu katika majimbo mbalimbali, wakiwemo watoto wachanga wengi, bila chanzo kujulikana. Januari 2018 watoto tisa wa kituo kimoja cha kulelea watoto huko Soweto walifikishwa hospitali. Maofisa wa afya walikwenda kituoni, wakafungua friji na kuchukua poloni, yaani soseji nene ya kukata vipande. Uchunguzi uliwafikisha kwenye kiwanda kimoja mjini Polokwane. Bakteria waliopatikana humo walikuwa wa ukoo uleule uliosomwa kwa takriban wagonjwa 9 kati ya 10 waliopimwa vinasaba. Tarehe 4 Machi 2018 serikali ilitangaza chanzo, na bidhaa zikaondolewa madukani. Hadi mlipuko unaisha, waliougua walikuwa 1,060 na waliofariki 216.

Nasi tuna habari yetu. Agosti 2015 kipindupindu kililipuka Kinondoni, kikasambaa Dar es Salaam na mikoani. Mwaka 2019 wanasayansi waliosoma vinasaba vya kipindupindu cha Yemen walionyesha kwamba ukoo wake ulitokea Asia Kusini, ukapita Afrika Mashariki katika miaka ile ya 2015 na 2016, ndipo ukafika Yemen. Ugonjwa ambao mtaani tungeuita "wa genge la fulani" ulikuwa umevuka bahari. Hilo halimwondolei mpishi wajibu wa kuchemsha maji na kunawa mikono. Linatuonyesha tu kwamba genge linaweza kuwa kituo cha mwisho cha safari ndefu.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika *Summa Theologiae*, anauliza kama ni halali kumhukumu mtu kwa kumshuku tu, na anajibu kwamba si halali. Amri ya nane nayo inatukataza kumshuhudia jirani uongo. Kipimo hiki basi kinaitumikia haki: kinaweza kumtoa asiye na hatia na kumfikia mwenye kiwanda ambaye hakuna aliyemdhania.

Hata hivyo, mashine haihukumu. Inasema bakteria hawa ni ndugu. Haisemi kama mama lishe alizembea au kama maji aliyouziwa kwenye madumu yalikuwa machafu tayari. Wala haisomi kisicholetwa. Kule Soweto kazi ilianza kwa daktari aliyetilia shaka, kwa kuwauliza watu walikula nini, na kwa mtu aliyefungua friji.

Hivyo, mnapopatwa na ugonjwa wa kuharisha nyumbani au kwenye jumuiya ndogo ndogo, wahini zahanati mapema, kabla ya kumeza dawa za kubahatisha. Kumbukeni mlivyokula siku zilizotangulia na maji mliyokunywa, na mwambieni mganga bila kuficha. Chakula kilichobaki msikile wala msikitupe haraka. Kifunikeni, kitengeni, mwiteni bwana afya. Na kabla ya kulitaja genge la mtu kwenye kundi la WhatsApp, subirini majibu. Jina la mama yule nalo ni riziki yake.