Joto la guta linapomchoma dereva, mfuko nao huungua

KATIKA masoko mengi ya mazao nchini Tanzania, guta la injini limechukua kazi iliyokuwa ya mkokoteni na, kwa safari fupi, hata ile ya pikapu. Pikipiki hiyo ya matairi matatu, ambayo wengine huiita toyo, hubeba nyanya kutoka shambani, saruji kutoka dukani, kreti za soda na magunia ya mahindi. Huingia hata kwenye vichochoro ambavyo lori haliwezi kupita.

Hata hivyo, wanaoliendesha wana lalamiko moja linalosikika karibu kila kijiwe: joto. Ikifika saa nane mchana, mapaja na miguu ya dereva huwa kama imewekwa kando ya jiko la mkaa. Wengi wameshaona kuwa hiyo ni sehemu ya kazi. Hukunja suruali, hukaa upande mmoja wa kiti na kuendelea na safari.

Mazoea hayo yana gharama. Joto linalomsumbua dereva ndilo hilo hilo linalokula ringi, pistoni na oili. Anayelipunguza kwa ajili ya miguu yake huirefushia injini maisha, na sehemu kubwa ya tiba yake haihitaji spea za bei kubwa.

Kwa nini guta huchemsha kuliko pikipiki

Injini ya petroli hutumia sehemu ndogo tu ya mafuta yake kufanya kazi. Katika kila lita 4 za petroli, nguvu ya takriban lita 1 ndiyo inayozungusha magurudumu. Zilizobaki hugeuka joto, ambalo hutokea kwenye bomba la moshi, kwenye oili na kwenye kuta za silinda.

Injini inayopozwa kwa hewa ina mapezi ya chuma yanayozunguka silinda. Kazi ya mapezi hayo ni kukabidhi joto kwa upepo. Pikipiki ya kawaida ikikimbia kilomita 60 kwa saa hupata upepo wa kutosha. Guta lenye mzigo linalopanda mlima kwa gia ya kwanza au ya pili huenda polepole, pengine kilomita 10 hadi 15 kwa saa, huku injini ikinguruma kwa nguvu zake zote. Yaani joto huongezeka wakati upepo unapungua.

Umbo la guta nalo huchangia. Mbele kuna kioo, ngao ya miguu na mara nyingi paa la turubai. Nyuma ya kiti kuna ukuta wa bodi la mzigo. Injini imekaa chini ya kiti au katikati ya miguu. Hewa ya moto ambayo kwenye pikipiki ingepita kando ya dereva na kupotelea nyuma, kwenye guta hugonga ukuta wa bodi, kisha hupanda juu na kumkuta dereva kwenye kiti.

Kwenye bajaji ya abiria hali ni tofauti. Injini iko nyuma, mbali na dereva, na nyingi hupozwa kwa feni inayozunguka pamoja na injini yenyewe. Kwa hiyo hata bajaji ikiwa kwenye foleni, hewa huendelea kupita kwenye mapezi. Guta lenye injini ya kawaida ya pikipiki halina msaada huo. Likisimama, na upepo umesimama.

Lumbesa huanzia shambani, huishia kwenye pistoni

Mkulima huhesabu magunia, lakini injini huhesabu kilo. Chukua mfano wa guta ambalo kiwanda kimeliruhusu kubeba kilo 500. Magunia 5 ya kilo 100 hutimiza kipimo hicho. Yakiwekwa magunia 7 ya lumbesa, kila moja likiwa na kilo 130, mzigo hufika kilo 910. Guta limekaribia kubebeshwa mara mbili ya uwezo wake, ingawa kwa macho yaliyoongezeka ni magunia 2 tu.

Wakala wa Vipimo imekuwa ikipiga vita lumbesa kwa sababu inampunja mkulima. Kuna hasara nyingine isiyozungumzwa sana. Gunia hilo likifika barabarani huwa mzigo kwa dereva, na likifika mlimani huwa moto kwenye silinda.

Barabara ya Mombo kwenda Lushoto mkoani Tanga ni mfano mzuri. Katika umbali wa takriban kilomita 30 hupanda karibu mita 1,000, kona baada ya kona. Chombo chochote kidogo kinachopandisha mbolea au saruji katika mlima wa namna hiyo hukaa kwenye gia nzito kwa muda mrefu. Likizidishiwa mzigo, guta litaanza kupoteza nguvu, litatoa harufu ya oili inayoungua, na mwisho injini itanoki. Hapo mwenye mzigo hulipa usafiri mara mbili, na kama ni nyanya zilizoiva, hulipa pia kwa nyanya zilizoharibika juani.

Mteremko nao una joto lake. Dereva anayezima injini au kuweka gia huru ili kuokoa petroli huachia breki peke yake zibebe uzito wote. Breki zikipata moto mno hazishiki. Gia aliyopandia mlima ndiyo anayopaswa kushukia.

Dalili za injini inayoungua

Joto la kawaida la guta hupungua dereva anapofika kwenye tambarare na kupata upepo. Likibaki vilevile, kuna tatizo. Mafundi huanzia kwenye plagi. Ikiwa na rangi ya hudhurungi, petroli na hewa vinachanganyika sawa. Ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe, petroli ni kidogo kuliko hewa, na mchanganyiko wa namna hiyo huunguza injini kwa joto kali.

Plagi nyeupe mara nyingi hutokana na kabureta iliyoziba kwa uchafu, au mpira wa kati ya kabureta na injini uliopasuka na kuvuta hewa. Baadhi ya madereva huagiza kabureta ibanwe ili guta lisile mafuta. Wanachookoa kwenye petroli hukilipa kwenye pistoni.

Dalili nyingine ni mlio wa kugongagonga ndani ya silinda wakati wa kupanda mlima. Valvu zilizobanwa kupita kiasi, klachi inayoteleza na breki zinazokwaruza magurudumu wakati wote nazo huongeza joto. Njia rahisi ya kugundua breki inayokwaruza ni kusogeza mkono karibu na kila gurudumu baada ya safari, bila kugusa. Moja likiwa la moto kuliko mengine, hapo ndipo pa kuanzia.

Oili ni maji ya injini

Injini nyingi za aina hii hubeba takriban lita 1 tu ya oili, wakati gari dogo huwa na karibu lita 4. Oili hiyo hulainisha na wakati huo huo hupoza. Ikipungua robo lita, injini imepoteza robo ya oili inayoipoza. Ndiyo maana kipimo cha oili kinapaswa kutazamwa kila asubuhi, guta likiwa limesimama mahali tambarare na injini ikiwa imezimwa.

Aina ya oili ni muhimu pia. Klachi ya injini za pikipiki huoga ndani ya oili ile ile ya injini. Baadhi ya oili za magari zimewekewa dawa za utelezi zinazofanya klachi iteleze, na klachi inayoteleza ni joto lingine. Oili inayofaa huwa na alama ya JASO MA kwenye chupa. Muda wa kubadilisha umeandikwa kwenye kitabu cha chombo, na guta linalobeba mizigo mizito kwenye vumbi linapaswa kubadilishiwa mapema kuliko hapo.

Mapezi ya silinda nayo yasafishwe. Tope likikauka kati ya mapezi huwa kama blanketi. Brashi ndefu na maji vinatosha, ila injini iwe imepoa kabisa. Kumwagia maji baridi injini ya moto, kama wengine wafanyavyo barabarani, kunaweza kupasua chuma chake.

Kwa guta lenye rejeta, maji ya visima vya pwani yenye chumvi huacha ukoko unaoziba njia ndogo za ndani. Maji maalumu ya rejeta ni ghali kidogo lakini huokoa rejeta. Kifuniko chake kamwe kisifunguliwe injini ikiwa imechemsha, kwa sababu maji yaliyobanwa humo huwa na joto la zaidi ya nyuzi 100 na hulipuka usoni.

Kumkinga dereva

Baada ya injini kuwekwa sawa, ndipo kinga ya dereva hufanya kazi yake. Fundi wa kuchomelea anaweza kufunga bati jembamba la alumini kati ya bomba la moshi na mguu. Siri yake ni nafasi: bati liachwe mbali na bomba kwa takriban sentimita 2 ili hewa ipite katikati. Likigusana na bomba, nalo litakuwa jiko. Pia lisizibe mapezi.

Pale ambapo ngao ya mbele imefunikwa kwa turubai mpaka chini, sehemu ya chini iachwe wazi ili upepo ufike kwenye injini. Paa la rangi nyeupe hupunguza joto la jua kuliko jeusi. Kiti kilichofunikwa plastiki hushika jasho; kipande cha mkeka au kifuniko cha shanga za mbao, kama vile vya madereva wa teksi, huruhusu hewa kupita.

Suruali ya pamba nzito na viatu vya kufunika ni bora kuliko kaptula na kandambili. Vitambaa vya nailoni huyeyuka na kuganda kwenye ngozi vikigusa bomba. Anayeungua apoze jeraha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta ya kupikia na unga havifai, na jeraha kubwa lipelekwe zahanati.

Maji ya kunywa ni sehemu ya vifaa vya kazi kama ilivyo spana. Dereva aliyepungukiwa maji mwilini huchoka, huumwa kichwa na huchelewa kukanyaga breki.

Nani alipe?

Mara nyingi guta si mali ya anayeliendesha. Dereva hupeleka hesabu kwa tajiri kila siku, na wengine wako kwenye mkataba wa kulimiliki baada ya muda. Katika mpango huo kila mmoja huweza kumsukumia mwenzake gharama ya oili. Dereva huongeza mzigo ili hesabu itimie, tajiri huahirisha matengenezo ili fedha isipungue, na injini hubaki bila mwenyewe.

Makubaliano yanayosaidia ni kutenga kiasi kidogo cha kila siku kwa ajili ya oili, plagi na usafi, kabla ya hesabu kugawanywa. Kiasi hicho kiwekwe kwenye kibubu au kwenye simu, na kisiguswe kwa jambo jingine. Uzito wa juu wa mzigo nao uandikwe kwenye mkataba, ili dereva awe na cha kumwonyesha mteja anayetaka kuongeza gunia la mwisho.

Mkulima na mfanyabiashara nao wana nafasi yao. Safari mbili za mzigo halali huonekana ghali kuliko safari moja ya lumbesa, hadi siku guta litakaponoki katikati ya mlima na nyanya ndani yake.