Kuzitambua Kesi za Haki za Watu Wenye Ulemavu

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Leo kila mtu awe na daftari na kalamu, na mwalimu wa darasa awe na chaki mkononi, maana kuna kitu tutakachochora.

Tuanze na mfano. Tuseme yuko mama mmoja hapa Newala ambaye mguu wake ulipooza tangu utotoni. Anajua kusoma, kuandika na kuhesabu. Ameomba kazi katika kiwanda cha kubangua korosho chenye wafanyakazi 100. Akajibiwa, "Sisi hatuandiki vilema." Je, anyamaze na kurudi nyumbani?

La, asinyamaze. Iko Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010. Sheria hiyo yasema mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Hebu fanyeni hesabu: asilimia 3 ya watu 100 ni wangapi? Naam, ni 3.

Lakini sheria ni maneno yaliyoandikwa kitabuni. Nguvu ya maneno hayo huonekana mahakamani. Mahakama za chini hufuata maamuzi ya Mahakama Kuu, na zote hufuata yale ya Mahakama ya Rufani. Kwa hiyo mtu aliyeijua hukumu ya zamani inayofanana na shauri lake huingia mahakamani na mkongojo wa kuegemea. Asiyeijua huingia mikono mitupu, ingawa haki ni yake.

Basi, hukumu hizo zapatikana wapi? Nyingi zimewekwa katika intaneti, mahali paitwapo TanzLII, na kuzisoma ni bure. Taabu ni kwamba ziko maelfu kwa maelfu. Tena nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa Kiswahili kilifanywa lugha ya mahakama kwa sheria ya mwaka 2021 tu.

Labda utasema, "Nitatafuta kwa neno 'ulemavu', nami nitazipata." Ukifanya hivyo utapatwa na matatizo mawili.

Tatizo la kwanza: utaletewa kesi zisizohusika. Mtu amegongwa na gari, anadai fidia. Hukumu itautaja ulemavu wake, lakini haitasema lolote juu ya haki ya kutobaguliwa. Tena katika sheria ya muda wa kufungua mashauri, neno lile lile la Kiingereza lina maana nyingine: mtoto, au mtu asiye na akili timamu.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi: utazikosa kesi zinazohusika. Huko Uganda, katika shauri Namba 64 la mwaka 2011, watu walilalamika kwamba sheria ya makosa ya jinai iliwaita wenye ulemavu wa akili kwa maneno ya dharau, kama vile "mapunguani". Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba ilikubaliana nao. Kesi hiyo ni ya haki za walemavu hasa, lakini mtu anayetafuta kwa neno moja aweza kuipita.

Na hapa kwetu je? Mwaka 2018 vyama vitatu, kimoja kikiwa Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu cha Dar es Salaam, viliishitaki Tanzania katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha. Shauri lilihusu mashambulio juu ya watu wenye ualbino. Hukumu ilitolewa tarehe 5 Februari 2025, na Mahakama ikaona kwamba Serikali haikuwalinda vya kutosha. Je, hii ni kesi ya ulemavu? Ndiyo. Mwaka 2017 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Watu Wenye Ulemavu, katika lalamiko jingine kutoka Tanzania, ilisema kwamba ualbino umo katika maana ya ulemavu. Mtu atajuaje hayo kwa kutazama jina la kesi tu?

Hapo ndipo inapokuja njia mpya iitwayo grafu ya maarifa. Msiliogope jina. Mwalimu, chora ubaoni maduara matatu: Newala, Masasi na Mtwara. Yaunganishe kwa mistari. Mistari ni njia. Asiyejua mji ule mwingine aweza kufika akiifuata njia.

Sasa futa majina hayo. Duara la kwanza liandike "Hukumu ya 2025". La pili, "Mahakama ya Afrika". La tatu, "ualbino". Ongeza la nne, "ulemavu". Kila mstari nao upewe jina lake. Kutoka hukumu kwenda mahakama, andika "ilitolewa na". Kutoka hukumu kwenda ualbino, andika "inahusu". Kutoka ualbino kwenda ulemavu, andika "ni aina ya". Tazameni! Hukumu na ulemavu havikuunganishwa moja kwa moja, lakini mashine ikifuata njia kutoka "ulemavu" itafika kwenye hukumu. Hiyo ndiyo grafu ya maarifa. Mojawapo inaitwa Wikidata, iliyoanza mwaka 2012. Huandikwa na watu wa nchi nyingi, nawe waweza kuisoma bila malipo.

Lakini nani atakayechora mistari? Mashine yaweza kusoma hukumu elfu na kupendekeza, ila nayo hukosea. Haina budi mtu asome na kuuliza maswali matatu:

1. Anayedai ni nani, na je, anadai kwa sababu ya ulemavu?
2. Mahakama ilitumia sheria gani?
3. Mahakama iliamua nini juu ya haki yenyewe?

Kesi ya fidia ya gari itaanguka katika swali la kwanza, maana mdai anadai kwa sababu ya ajali. Kesi ya ualbino itapita yote matatu. Tena kila mstari uonyeshe ulitoka aya gani ya hukumu, ili mwingine aweze kuhakikisha.

Jambo moja la kuangalia. Hukumu ya Uganda haimfungi hakimu wa Tanzania. Aweza kuisikiliza, aweza kuiacha. Kwa hiyo mstari wa "ilitolewa na" usisahaulike.

Turudi kwa mama yetu. Hahitaji kuwa na kompyuta. Aende kwa msaidizi wa kisheria, au kwa ofisa ustawi wa jamii wa wilaya, aseme: "Naomba unitafutie hukumu za kazi na ulemavu, za Mahakama Kuu au ya Rufani." Mtu anayeuliza hivyo haambiwi kwa urahisi, "Njoo kesho."

Kazi ya nyumbani: chora maduara manne ya shauri la mama huyu: mdai, mwajiri, sheria na haki anayodai. Andika jina juu ya kila mstari. Mtasomeana darasani. Kwaherini, mpaka somo lijalo.