Jiko la Peleti Nyumbani: Maswali Matatu Kabla ya Kununua

Mkulima anaposikia habari za jiko la peleti, neno la kwanza analouliza ni bei yake. Si vibaya kuuliza bei, lakini swali hilo lafaa liwe la tatu. La kwanza ni hili: peleti zenyewe nitazipata wapi mwaka mzima? La pili: jiko nitaliweka wapi, na hewa yake itapita wapi? Mwenye majibu ya maswali hayo mawili aweza kuuliza bei bila hofu. Asiye nayo atapoteza fedha, na huenda akapoteza zaidi ya fedha, kama tutakavyoeleza hapa chini.

PELETI NI NINI

Peleti ni vipande vidogo vya mviringo, unene wake milimita 6 hadi 8, urefu wake haufiki kidole. Sura yake ni kama ile ya chakula cha sungura kiuzwacho madukani. Hutengenezwa kwa unga wa mbao uliokaushwa, ukashindiliwa kwa mashine katika matundu ya chuma. Joto la kushindiliwa hulainisha gundi ya asili iliyo ndani ya mti, nayo ikipoa hushika. Kwa hiyo peleti nzuri haihitaji gundi ya dukani.

Faida yake kubwa ni ukavu. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Kuni zilizokaa miezi mingi chini ya paa bado zina maji sehemu 15 hadi 20 kwa mia. Peleti nzuri ina chini ya sehemu 10. Maji hayo yote ni lazima yachemke na kutoka kabla moto haujaifaa sufuria, na ndiyo sababu kuni mbichi hutoa moshi mwingi na joto kidogo.

Mkulima wa shamba la kugawiwa ana sababu nyingine ya kufikiri habari hii. Mashamba mengi ya skimu hayana msitu. Kuni ni zile za mikima iliyopandwa mipakani. Naye mchoma makaa, akitumia tanuri la udongo, hutumia kilo 6 hadi 10 za kuni kupata kilo moja ya makaa. Lakini katika nchi ya Thika na Ruiru yako mabaki mengi yawezayo kuwa moto: unga wa mbao wa viwanda vya kupasulia, maganda makavu ya kahawa na maganda magumu ya makadamia. Mabaki hayo hayalingani yote. Maganda ya mpunga, kama yale ya Mwea, hubakiza majivu karibu sehemu moja kwa tano, na majivu hayo huziba matundu ya jiko upesi.

JINSI JIKO LINAVYOFANYA KAZI

Peleti hutiwa ndani ya mkebe wa chuma na kuwashwa kwa juu, si kwa chini kama tulivyozoea. Moto hushuka polepole. Peleti zilizo chini yake hupata joto, zikatoa gesi, yaani ule moshi tunaoujua. Katika mafiga matatu moshi huo hupotea hewani na kuingia machoni mwa mpishi. Katika jiko hili hukutana na hewa ya moto iingiayo kwa matundu ya juu, nao huwaka pamoja nayo. Yaani jiko huchoma moshi wake lenyewe. Majiko mengi ya namna hii yana feni ndogo ya kupuliza hewa, iendeshwayo kwa betri ambayo huchajiwa kwa stima au sola.

Shika jambo moja moyoni: jiko hili ni safi wakati mwali unapowaka. Mwali ukizima, yaliyobaki ndani ya mkebe ni makaa, na kutoka hapo ni jiko la makaa kama mengine yote.

SWALI LA KWANZA: PELETI ZITATOKA WAPI?

Tujifunze kwa jirani zetu. Katika mji wa Gisenyi, nchini Rwanda, kampuni ya Inyenyeri ilianza kazi mwaka 2010. Iliwapa watu majiko ya peleti yenye feni, nao wakanunua peleti kwake. Wataalamu walipima moshi majumbani huko, na matokeo yao yaliyochapwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba mara nyingi majiko hayo yalikaribia usafi wa jiko la gesi. Hata hivyo kampuni ilifungwa mwaka 2020. Jiko lisilo na peleti halipiki chai.

Basi kabla ya kununua, tafuta mahali pawili, si pamoja, panapouzwa peleti, nawe uulize kama huwa zinapatikana hata wakati wa mvua. Uliza pia zimetengenezwa kwa nini. Unga wa mbao zilizopakwa rangi, au wa nguzo zilizotiwa dawa ya mchwa, haufai kabisa, maana moshi wake una sumu.

Kisha zijaribu. Tia peleti tatu katika glasi ya maji. Iliyoshindiliwa vizuri huzama mara moja. Iliyo hafifu huelea. Tazama na chini ya gunia: ukikuta unga mwingi, usinunue.

Kama peleti hazipatikani karibu nawe, usivunjike moyo. Taasisi ya KIRDI ilitengeneza jiko lenye kanuni hiyo hiyo liitwalo Gastov, nalo lilijaribiwa na wakulima wa Embu wakitumia matawi ya mikima na magunzi ya mahindi. Matawi hukatwa vipande vifupi na kukaushwa vizuri. Mambo ya usalama tutakayoyaeleza ni yale yale.

SWALI LA PILI: JIKO LITAKAA WAPI?

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 walifariki duniani kwa sababu ya moshi wa majumbani. Jiko jema hupunguza hatari hiyo, lakini halipunguzi kitu likiwekwa vibaya. Fuata haya:

1. Weka jiko katika jiko la nje, yaani nyumba ya kupikia, si katika nyumba ya kulala. Liwe juu ya sakafu ya saruji au jiwe pana lililo sawa, lisiyumbe hata sufuria ya githeri ikikorogwa kwa nguvu.

2. Acha nafasi ya mita moja kati ya jiko na ukuta wa mbao, pazia, gunia la peleti au chupa ya mafuta ya taa. Chora mstari sakafuni kwa chokaa kulizunguka jiko, na uwafundishe watoto kwamba hapo ni mpaka kama mpaka wa shamba.

3. Pawe na nafasi mbili za hewa zinazotazamana: mlango au dirisha upande mmoja, na upande wa pili uwazi chini ya paa. Uwazi mmoja hautoshi, maana hewa ikiingia haina pa kutokea. Usizibe nafasi hizo kwa gunia wakati wa baridi.

4. Weka ndoo ya mchanga karibu na mlango. Mchanga huzima moto uliomwagika sakafuni bila kuutawanya.

Liko na jiko la namna ya pili, litumikalo Ulaya na Marekani kupasha nyumba joto. Hilo lina sanduku la peleti, nazo hulishwa motoni na mashine ya stima, na moshi hutoka kwa dohani. Wakulima wa sehemu za baridi kama Kinangop huenda wakavutiwa nalo. Lisifungwe na mtu asiyejua kazi. Dohani yake haina budi kutoka nje kabisa, isiishie darini. Viungo vyake vizibwe barabara, na pale inapopita katika mbao iwekwe mbali nazo kwa kifaa kisichoshika moto. Tena fahamu kwamba stima ikikatika, feni husimama na moshi huweza kurudi chumbani.

KUWASHA NA KUPIKA

Kwanza, mwaga majivu ya jana na usafishe matundu. Jaza peleti, lakini zisipite matundu ya juu. Zikiyaziba, moshi hautachomeka. Weka juu yake vijiti vikavu au maranda ya mbao, uwashe kwa kibiriti. Petroli isitumiwe hata tone moja, wala mafuta ya taa yasimwagwe juu ya jiko lenye moto. Mlango uwe wazi. Endesha feni polepole mpaka mwali ushike kila upande, ndipo uongeze.

Pili, usiongeze peleti katikati ya mapishi. Hili ndilo kosa la wengi waliozoea mafiga. Peleti mpya zikimwagwa juu ya mwali huuzima, na moshi hujaa nyumba. Jiko dogo hujazwa mara moja, nalo huwaka kiasi cha saa moja, zaidi au pungufu kwa kadiri ya ukubwa wake na mwendo wa feni. Kwa hiyo pima mapishi yako kabla ya kuwasha. Ugali na mboga humalizika kwa mkebe mmoja. Githeri haiwezi, mahindi na maharagwe yalowekwe tangu jana yake, na hata hivyo tayarisha mkebe wa pili.

Tatu, usiondoke ukaacha jiko na mtoto mdogo, wala usilibebe likiwa linawaka.

MAKAA YANAYOBAKI

Sasa tufikie lile jambo ambalo kwa sababu yake tumeandika habari hii. Mwezi wa Julai, ukungu unapofunika mashamba ya kahawa mpaka saa nne asubuhi, watu huona uchungu kuacha makaa mekundu yapoe bure. Baba huingiza jiko chumbani, hufunga mlango na madirisha, na watoto hulala wakiota moto. Hakuna moshi, hakuna harufu, na kila mtu hudhani hakuna hatari.

Hatari ipo, nayo ni kubwa. Makaa yanayowaka katika hewa haba hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Huingia katika damu na kushika mahali pa hewa safi, hata mwili ukakosa hewa ijapokuwa mtu anapumua. Aliye macho huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutaka kutapika na kuishiwa nguvu. Aliyelala huweza kufa bila kuamka. Jamaa nzima zimekufa namna hii nchini mwetu katika usiku wa baridi.

Kwa hiyo mapishi yakiisha, toa mkebe nje ukiwa umevaa glavu nene au kwa kutumia koleo, umwage makaa katika debe la chuma lenye kifuniko, ulifunike, uliache nje usiku kucha. Yatazima yenyewe kwa kukosa hewa. Asubuhi waweza kuyatunza kwa jiko la makaa, au kuyaponda na kuyachanganya na samadi kwa shamba. Ukitaka joto usiku, tumia blanketi.

Ukimkuta mtu ameanguka ndani ya nyumba yenye jiko, fungua mlango na madirisha upesi, umtoe nje penye hewa safi, umpeleke hospitali hata kama amepata fahamu. Usikae ndani kutafuta sababu, maana waokoaji nao huanguka.

Peleti pia zitunzwe kwa akili. Zikae katika mfuko uliofungwa, juu ya mbao, mbali na maji, kwa kuwa peleti iliyolowa hufumuka na kurudi kuwa unga. Zisiwekwe chumba cha kulala. Na kama chama chenu cha ushirika kitanunua nyingi pamoja, ghala liwe na madirisha ya hewa, nalo lifunguliwe kwa muda kabla mtu hajaingia. Katika nchi za Ulaya watu wamefariki ndani ya maghala ya peleti yaliyofungwa, kwa sababu peleti nyingi zilizorundikwa hutoa gesi ile ile hata bila kuwaka.

SWALI LA TATU: BEI

Bei ya jiko hulipwa mara moja. Bei ya peleti hulipwa kila juma. Basi kabla ya kutoa fedha nyingi, azima jiko au nunueni moja na jirani, upime kwa siku 7. Pima peleti kwa mizani siku ya kwanza, upike kama kawaida, upime zilizobaki siku ya mwisho. Andika gharama yake karibu na fedha ulizotumia kwa makaa au kuni juma lililopita. Ongeza na gharama ya kuchaji betri, na umwulize mwuzaji ni fundi gani wa karibu awezaye kubadili feni ikiharibika. Hesabu ya daftari lako mwenyewe ni bora kuliko maneno ya mwuzaji yeyote.

Ikiwa hesabu ni nzuri, nunua. Lakini siku utakapolileta jiko nyumbani, lete pamoja nalo lile debe la chuma lenye kifuniko, na uonyeshe watu wote wa nyumba yako mahali debe litakapolala: nje ya mlango.