Mchagua Jembe na Mkulima: Gitaa la Umeme na Mahitaji ya Mitindo ya Muziki

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Methali hii humsuta mtu anayesingizia zana pale anapopaswa kufanya kazi, na katika uwanja wa muziki ina ukweli wake, kwani mpigaji hodari hutoa wimbo hata katika gitaa lililopasuka ubavu. Hata hivyo, mkulima mwenyewe hapalilii mahindi kwa shoka. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayedunduliza akiba yake kwa mihula miwili au mitatu ili anunue gitaa la kwanza la umeme hana nafasi ya kukosea mara mbili. Aghalabu huingia dukani akavutwa na rangi, na umbo, au na jina la chapa aliloliona kifuani mwa msanii mashuhuri. Hurudi nyumbani na ala nzuri ya muziki ambao yeye hapigi, kisha hulaumu vidole vyake.

Kosa hilo hutokana na kuanza na gitaa badala ya kuanza na sauti. Ili kuona kwa nini sauti ndiyo iongoze, yafaa kwanza kueleweka namna chombo hiki kinavyofanya kazi.

Katika gitaa kavu, uzi hutikisa ubao, nao ubao hutikisa hewa iliyo ndani ya tumbo la ala. Gitaa la umeme halitegemei njia hiyo. Chini ya nyuzi zake hukaa kifaa ambacho wapigaji hukiita pikapu. Huenda jina hili likamchekesha anayelijua kuwa ni la gari la mizigo, lakini kinasasauti tayari ni chombo kingine, na katika bendi hakuna neno jingine linalosikika. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa uzi mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Uzi wa chuma unapotikisika juu yake, huivuruga nguvu ya sumaku, na mvurugo huo huzaa mkondo mdogo wa umeme ndani ya shaba. Mkondo huo ndio unaopelekwa kwenye amplifaya ukakuzwa hadi usikike. Ndiyo maana nyuzi za nailoni hazifai katika gitaa la aina hii: sumaku haizitambui.

Magitaa ya kwanza ya umeme yaliyouzwa kwa umma yalitoka Marekani mnamo 1932, yakitengenezwa na kampuni iliyokuja kujulikana kama Rickenbacker. Lakini magitaa ambayo bado ni vielelezo kwa watengenezaji wengi yalizaliwa katika miaka ya hamsini. Mwaka wa 1950 Fender ilitoa gitaa lililokuja kuitwa Telecaster, kisha Stratocaster mwaka wa 1954. Gibson nayo ilitoa Les Paul mwaka wa 1952. Ala nyingi za bei nafuu zinazotundikwa madukani leo, majina yake yawe yoyote yawayo, ni nakala za mojawapo ya hizo tatu. Anayezifahamu tatu hizo amepata ufunguo wa duka zima.

Tofauti kubwa baina yake imo katika pikapu. Telecaster na Stratocaster za asili zina pikapu za koili moja. Sauti yake ni angavu na yenye makali, na kila noti husikika ikiwa imejitenga na mwenzake. Udhaifu wake ni mvumo: koili moja hunasa pia umeme wa nyumbani, ambao hapa Kenya hupishana mara 50 kwa sekunde, na amplifaya ikaunguruma hata mpigaji akiwa ametulia. Katika mwaka wa 1955 mhandisi Seth Lover wa Gibson alibuni dawa ya mvumo huo. Aliweka koili mbili ubavu kwa ubavu, akazigeuza kwa namna ambayo mvumo wa moja huufuta wa pili ilhali sauti za nyuzi zinajumlishwa. Pikapu hiyo, iitwayo hambaka, ilitiwa katika Les Paul kuanzia 1957. Ukimya ulipatikana, lakini kwa gharama fulani: sehemu ya ule uangavu ilitoweka, na sauti ikawa nene, yenye nguvu na kiza kidogo.

Mahali pikapu ilipowekwa pana uzito vilevile. Karibu na daraja uzi hutikisika kwa upeo mfupi, hivyo sauti hutoka kali na nyembamba; karibu na shingo hutikisika kwa upana, sauti ikawa ya mviringo. Swichi iliyo kifuani mwa gitaa humwezesha mpigaji kuhama kutoka moja hadi nyingine katikati ya wimbo. Kuhusu mbao, wauzaji husema mengi. Kwa gitaa lenye mwili mzito usio na uwazi, aina ya mti haina athari kubwa kama pikapu na amplifaya, na si busara mwanafunzi aongeze maelfu ya shilingi kwa ajili ya sifa za ubao pekee.

Sasa mitindo yenyewe. Benga yafaa kutangulia, si kwa sababu ya uzalendo tu, bali kwa kuwa inaonyesha waziwazi jinsi muziki unavyoiamuru ala. Mtindo huu uliokuzwa na Waluo wa kandokando ya Ziwa Viktoria, na kuenezwa na wanamuziki kama D. O. Misiani na kundi lake la Shirati Jazz, ulihamishia katika gitaa tabia za nyatiti, ala ya nyuzi nane. Mpiga nyatiti hudonoa noti moja moja, fupi na za kasi, zikijibizana na mwimbaji. Mpiga solo wa benga hufanya vivyo hivyo: humfuata mwimbaji hatua kwa hatua, kisha sauti ya mtu inaponyamaza gitaa hutwaa uwanja na kukimbia. Noti za namna hiyo hazitaki unene. Zikinenepa zitagandamana, na ule mchezo wa kudonoa utageuka uji. Hapa koili moja karibu na daraja, bila mkwaruzo wowote kutoka kwa amplifaya, ndiyo inayofaa. Mwanafunzi anayetaka kupiga benga akauziwa gitaa zito la hambaka atahangaika kuipunguza besi kwenye amplifaya, na bado hataupata ule mlio wa kudonoa.

Rumba ya Kongo huleta suala jingine. Katika bendi kama OK Jazz, iliyoasisiwa mwaka wa 1956 na kuongozwa kwa miongo mingi na Franco Luambo, magitaa hayakai peke yake. Kuna ridhimu, kuna solo, na mara nyingi kuna mi-solo inayokaa kati yao. Kila moja hurudia mchoro wake, na utamu wa sebene hutokana na michoro hiyo kusukana bila kufunikana. Baadhi ya wapigaji wa Kongo waliuondoa hata uzi wa nne wa kawaida wakaweka mwembamba unaolia oktavo moja juu, ili gitaa la kati lipate nafasi yake lisipigane na mengine. Kutokana na hayo, swali la mpiga rumba si gitaa gani lina sauti nzuri, bali ni sauti gani inakosekana katika bendi. Ikiwa mwenzake wa solo ana ala ya mlio mkali, yeye wa ridhimu atafaidika na pikapu ya shingoni, iwe ya koili moja au hambaka laini. Bendi nyingi za wanafunzi hununua magitaa mawili yanayofanana kama mapacha, kisha hushangaa mbona ridhimu haisikiki. Ingefaa wanabendi waende dukani pamoja, wayapige yote mawili kwa wakati mmoja.

Mpenzi wa jazi ya Kimarekani ataelekezwa kwingine. Wes Montgomery alijulikana kwa gitaa la Gibson L-5, lenye mwili mpana ulio wazi ndani, na sauti yake ya joto imekuwa kigezo kwa wengi. Lakini tumbo lililo wazi lina hatari yake: amplifaya ikipandishwa, sauti yake huurudia mwili wa gitaa na kuutikisa upya, pakazuka mlio wa kuudhi usiokoma. Ndipo Gibson ikabuni ES-335 mwaka wa 1958, gitaa lenye mbavu wazi na gogo imara katikati. Ala ya sampuli hiyo humfaa pia mpiga bluzi, na hata bendi ya kanisani inayohama kutoka wimbo wa taratibu hadi wa shangwe katika ibada moja.

Kwa roki nzito mambo ni mepesi kueleza. Amplifaya inayokwaruza sauti kwa makusudi huukuza pia mvumo, hivyo hambaka karibu na daraja huwa chaguo la kwanza. Na bado Jimi Hendrix, aliyefariki mwaka wa 1970, alifanya mengi ya ajabu kwa Stratocaster ya koili moja. Kanuni hizi basi ni za kumwongoza mnunuzi, si za kumfunga.

Taarabu ni kisa cha pekee. Pale inapofuata makamu za Kiarabu, hutumia noti zinazoangukia kati ya noti mbili za piano, ilhali shingo ya gitaa imekatwakatwa na freti, vile vijichuma vinavyoigawa katika nusutoni. Fidla na udi, zisizo na freti, hupita bila kizuizi. Mpiga gitaa hana budi kuuvuta uzi kwa kidole hadi noti ipande. Anayekusudia kazi hiyo atafute nyuzi nyembamba, za kama milimita 0.23 kwa uzi wa kwanza. Shingo ya Gibson nyingi pia humsaidia, kwani urefu wa uzi wake unaolia ni kama milimita 628, dhidi ya 648 za Fender, na uzi mfupi huvutika kwa wepesi zaidi.

Bajeti nayo isimezwe yote na gitaa. Amplifaya ni nusu ya ala yenyewe, na gitaa la wastani katika amplifaya nzuri hulishinda gitaa la fahari lililochomekwa katika kijisanduku kinachokoroma. Dukani, mnunuzi apige wimbo anaoujua wa mtindo wake, si ule wa muuzaji. Abonyeze kila uzi katika kila freti, asikilize iwapo kuna inayokwama au kutetema. Alinganishe noti ya freti ya 12 na ile ya uzi ulio wazi. Zisipokuwa oktavo kamili hata baada ya daraja kurekebishwa, ala hiyo haitakubaliana na wenzake jukwaani. Achungulie shingo kutoka kichwani kuelekea mwilini aone kama imejipinda. Kisha aondoe mikono kabisa, apandishe sauti, na ausikilize mvumo.

Kwa wakazi wa Mombasa na pwani nzima kuna adui mwingine, nao ni hewa ya chumvi. Nyuzi za chuma hushika kutu upesi, na sauti yake hufifia kabla hazijakatika. Hufutwa kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupigwa, na gitaa hutiwa mkobani badala ya kutundikwa ukutani kama pambo.