Mafiga Matatu Ndani ya Tangi



Ukiingia katika baadhi ya zahanati na hoteli za hapa Nairobi, utakuta tangi la kioo, samaki wa rangi rangi wakizunguka, na mawe yamelala chini kana kwamba yalitupwa tu. Watu wengi hudhani mawe hayo ni pambo. Hasha! Katika tangi la maji ya chumvi, jiwe ni nyumba ya samaki, tena ndilo fundi wa kusafisha maji yake. Mawe yakipangwa ovyo, samaki watakufa hata kama unawalisha vizuri, na kioo kinaweza kupasuka usiku, maji yakamshukia jirani wa ghorofa ya chini. Kwa hivyo, nawe uliye Umoja, Kayole au Buruburu na una hamu ya kufuga samaki wa baharini, tega sikio.

Kazi ya jiwe

Samaki hula, hupumua na kujisaidia mumo humo majini. Uchafu wake hutoa amonia, nayo ni sumu kali. Kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo. Huu ndio ule mzunguko wa naitrojeni tunaofundishwa katika baiolojia, isipokuwa hapa shamba ni tangi. Bakteria hawa hukaa juu ya vitu: kwenye chujio, mchangani, na hasa katika vitundu vya mawe.

Nao pia wanahitaji oksijeni. Ndiyo maana mawe yasibanane. Sote tumeziona ploti za Pipeline, zilivyosongamana mpaka jua na hewa vinapita kwa taabu. Ukipanga mawe namna hiyo, maji hayapiti katikati, uchafu unajikusanya na kuoza humo, na samaki ndio wanaolipa deni.

Jiwe lipi?

Mawe mengi ya ujenzi ya hapa kwetu yalitokana na volkano, na si rahisi kujua kwa macho yana madini gani ndani. Jiwe linalofaa zaidi kwa maji ya bahari ni la chokaa lenye matundu, lililotokana na matumbawe ya kale yaliyokufa zamani sana. Mawe ya aina hiyo ndiyo Wareno waliyojengea Fort Jesus, Mombasa, kuanzia mwaka 1593. Ndiyo pia yaliyochimbwa kule Bamburi kutengenezea saruji, katika machimbo yaliyoanza kupandwa miti mwaka 1971, na ambayo sehemu yake leo ni Haller Park.

Jaribio ni rahisi: dondoshea jiwe siki. Likitoa povu, hiyo ni kabonidioksidi, na jiwe lako lina chokaa. Lakini angalia usidanganyike, kwani povu halithibitishi kwamba jiwe ni safi. Likiwa na alama za kutu, au limetoka mahali palipomwagwa mafuta ya gari, liache. Lililo zuri lisugue kwa brashi bila sabuni, kisha liloweke kwa siku kadhaa ukibadilisha maji.

Usimtume mtu akuvunjie tumbawe hai baharini. Tumbawe ni mnyama, na mengi hukua polepole mno. Katika mbuga za baharini kama Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, ni marufuku kuondoa tumbawe au hata kome. Aidha, matumbawe yanayojenga miamba yamo katika mkataba wa kimataifa wa CITES, kwa hivyo biashara yake ya kuvuka mipaka inahitaji kibali.

Namna ya kupanga

Kwanza, fikiria uzito. Lita 100 za maji ni zaidi ya kilo 100, na bado hujahesabu kioo. Mawe kilo 10 hadi 15 yanatosha kwa tangi la kiasi hicho. Meza iwe imara, na uipime kwa pimamaji kama afanyavyo fundi wa mjengo.

Pili, fanya mazoezi nje. Chora sakafuni kwa chaki umbo la tangi lako, upange mawe humo, uyapangue, uyapange tena. Usiwe na haraka, kwani kuhamisha mawe tangi likiwa limejaa maji na samaki si mchezo.

Tatu, mawe makubwa yatangulie, mchanga ufuate. Wako samaki na kamba wanaochimba. Jiwe lililokaa juu ya mchanga litachimbuliwa chini yake, liporomoke na kugonga kioo. Tandika karatasi ngumu ya plastiki juu ya kioo cha chini, weka mawe, kisha mwaga mchanga pembeni.

Nne, kumbuka jikoni kwa nyanya. Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Kila jiwe la juu likae juu ya ncha tatu. Ligusie kidole: likitikisika, ligeuze mpaka litulie. Hapo tu ndipo utumie gundi ya silikoni, ile isiyotiwa dawa ya kuua kuvu, nayo uiache ikauke kabisa kabla ya kutia maji. Gundi ni msaidizi tu. Jiwe lisiloweza kusimama bila gundi limepangwa vibaya.

Tano, acha nafasi ya sentimita 5 hadi 8 kati ya mawe na kioo, mkono wako upite ukisugua mwani. Mawe yasifike juu kabisa: theluthi moja ya juu ibaki wazi.

Sita, jenga vilima viwili visivyolingana, vyenye njia katikati. Ukuta mmoja mrefu huziba maji. Kila pango liwe na milango miwili, kwa sababu samaki wengi hugombania makao, na mnyonge akifukuzwa hadi pangoni mwenye mlango mmoja, hatoki salama.

Mwisho, washa pampu na utazame. Mahali uchafu unapotua kila siku ndipo maji yamelala. Sogeza pampu au fungua mawe hapo.

Baada ya mawe

Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita. Chumvi ya ugali na mboga haitoshi, kwani bahari ina pia magnesi, kalsi na madini mengine. Nunua chumvi ya matangi na uichanganye kwenye ndoo kando. Maji ya mfereji huwa yametiwa klorini, hivyo yatiwe kwanza dawa ya kuiondoa. Baridi ya Julai nayo inadai hita, joto liwe kama digrii 25. Kisha subiri. Bakteria huchukua wiki 4 hadi 6 kuenea mawe, nao huhitaji amonia kidogo ya kuanzia, mfano kipande cha kamba kilichoachwa kioze humo. Usitie samaki mpaka vipimo vya amonia na nitriti visome sufuri. Na kwa kuwa stima hupotea mitaani mwetu, weka pampu ndogo ya betri karibu.

Najua gharama yake ni kubwa. Asiye na uwezo aanze na tangi la maji baridi, maana kanuni za kupanga mawe ni zile zile.

Fauka ya hayo, ujuzi huu hauishii sebuleni. Mwaka 1998 joto la bahari lilipopanda, matumbawe mengi ya pwani yetu yalikufa. Siku hizi kule Shimoni na Wasini watu wanazamisha miundo ya saruji yenye matundu na kupandikiza matumbawe juu yake. Nao sharti wahakikishe kitu kimesimama imara, maji yanapita, na samaki ana pa kujificha. Atakayejifunza leo kwa mawe manne huku Eastlands huenda kesho akahitajika huko.