Ukuta Usioonekana Unaolinda Faili la Mgonjwa

Dumila ni njiapanda. Hapo barabara ya kwenda Kilosa huachana na ile itokayo Morogoro kwenda Dodoma, na mgonjwa aliyeanza matibabu hapo aweza kupewa rufaa ya Kilosa mjini au Morogoro. Januari 2014 mafuriko yaliharibu daraja la Dumila, barabara ikakatika. Faili la karatasi halivuki mto uliofurika, ilhali taarifa za kielektroniki zaweza kuvuka. Hiyo ni mojawapo ya faida za mifumo kama GoT-HoMIS, inayotumiwa na vituo vya tiba vya umma kuandikisha wagonjwa, vipimo, dawa na malipo.

Hata hivyo, mgonjwa ana haki ya kuuliza: taarifa zangu zinakaa wapi, na pamoja na za nani?

Taarifa za namna hiyo hukaa ndani ya seva, na aghalabu seva moja yenye nguvu hugawanywa kuwa kompyuta pepe kadhaa. Moja yaweza kubeba mafaili ya wagonjwa, nyingine hesabu za stoo ya dawa, ya tatu mishahara. Kila moja ina mfumo endeshi wenye kiini chake, yaani sehemu inayosimamia programu zote na kugawa kumbukumbu, mahali ambamo kompyuta huweka kwa muda taarifa inazozifanyia kazi. Kila kiini hufanya kazi kana kwamba kinamiliki mashine nzima. Chini yake ipo programu iitwayo haipavaiza, ambayo ndiyo hushika daftari la kweli la nani amepewa kipande kipi.

Utengano huo una gharama. Kila anwani ya kumbukumbu hutafsiriwa mara mbili: kwanza na kiini, kisha kwa daftari la haipavaiza. Katika prosesa nyingi za seva, utafutaji ambao kwa kawaida huhitaji kusoma kumbukumbu mara 4 waweza kufikia mara 24. Prosesa hupunguza mzigo huo kwa kuhifadhi majibu ya karibuni. Lakini kumbukumbu ikigawiwa kupita ile iliyopo, sehemu ya taarifa huhamishiwa kwenye diski, ambayo ni ya polepole mno. Hapo skrini ya mapokezi huganda na foleni hurefuka.

Ukuta wenyewe nao waweza kuwa na ufa. Agosti 2018 watafiti walitangaza kasoro iitwayo Foreshadow katika prosesa za Intel: kompyuta pepe yenye nia mbaya ingeweza kusoma mabaki ya taarifa za jirani yake ndani ya kache, akiba ndogo iliyomo katika prosesa. Tiba yake ni kusafisha kache kabla ya kompyuta pepe kupewa zamu, na penye hatari kubwa, kuzuia mbili zisitumie kiini kimoja cha prosesa kwa wakati mmoja. Tiba hiyo hupunguza kasi, kama kunawa mikono baada ya kila mgonjwa kunavyochukua muda. Mhudumu hapaswi kuacha kunawa kwa sababu ya foleni.

Kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI, mstari mmoja ukivuja waweza kuvunja ndoa au kumkosesha kazi. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Basi mfumo ukizorota, mhudumu atoe taarifa kwa fundi na aulize kama kumbukumbu inatosha. Asishinikize ulinzi uzimwe. Asiazime nywila yake, kwa kuwa ukuta huu hutenganisha kompyuta na kompyuta, haumzuii mtu aliyekwisha kufunguliwa mlango. Fomu za karatasi ziwe tayari, maana mama mwenye uchungu hasubiri skrini. Naye mgonjwa asione haya kuuliza ni nani anayeruhusiwa kusoma faili lake.