UKIMYA WA SIMU: FAHAMU MATABAKA YA MAWASILIANO YA KOMPYUTA

Jioni ya tarehe 4 Oktoba 2021, kiasi cha saa kumi na mbili na nusu kwa saa za Afrika Mashariki, WhatsApp ilinyamaza ulimwenguni kote kwa muda wa karibu saa sita. Miaka miwili na miezi saba baadaye, Jumapili tarehe 12 Mei 2024, watu wa Uganda, Kenya, Tanzania na nchi za jirani waliona intaneti ikizorota, na mahali pengine ikikatika kabisa. Kwa mke aliyengoja habari za mume aliye katika lindo la mbali, siku zote mbili zilikuwa sawa: ujumbe uliandikwa, ukatumwa, na haukufika. Lakini kwa fundi, hizo zilikuwa ajali mbili zisizofanana. Katika moja barabara yenyewe ilikatika. Katika nyingine barabara zilikuwa nzima, ila vibao vya kuonyesha njia viling'olewa.

Ili kupambanua mambo haya, yafaa kila mwananchi mwenye simu afahamu kwamba mawasiliano ya kompyuta yamejengwa kwa matabaka. Nasi tukumbuke kuwa simu ya kisasa ya mkononi nayo ni kompyuta.

KILA MTU NA KAZI YAKE

Tuchukue mfano wa barua ya kazi kutoka kambi moja kwenda nyingine. Afisa huandika maneno yake. Karani huyapiga chapa, huyatia bahasha na kuandika anwani. Masijala huingiza barua katika daftari na kuipa namba. Dereva huichukua bila kujua imeandikwa nini. Kule iendako, dereva huikabidhi masijala, masijala humpa karani, na karani humfikishia afisa mwenzake.

Hapa kuna mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza, afisa humwandikia afisa, na masijala hushughulika na masijala: kila mmoja huelewana na mwenzake wa cheo kile kile upande wa pili, ijapokuwa barua yenyewe hushuka hadi kwa dereva na kupanda tena. La pili, dereva akibadilisha lori kwa garimoshi, afisa hana haja ya kubadilisha mwandiko wake. Kazi zimegawanywa, na badiliko la chini halimsumbui aliye juu.

Hiyo ndiyo maana ya matabaka. Kila tabaka hupokea mzigo kutoka juu, huufunga katika bahasha yake, na kuupeleka chini. Upande wa pili, kila tabaka hufungua bahasha yake tu na kupeleka kilichobaki juu.

MIPANGO MIWILI

Katika miaka ya 1970, kila kiwanda kikubwa cha kompyuta kilikuwa na mtindo wake. IBM ilitoa utaratibu wake mwaka 1974, na kompyuta za kampuni nyingine hazikuweza kuzungumza nao bila taabu. Ndipo Shirika la Kimataifa la Viwango lilipoanza, mwaka 1977, kuandaa mpango wa wote. Mpango huo ulitangazwa rasmi mwaka 1984, nao una matabaka saba.

La kwanza, chini kabisa, ni la waya na mawimbi: umeme, mwanga au redio. La pili ni la kiungo, linalopeleka mzigo kutoka chombo kimoja hadi kile kilicho jirani yake. La tatu ni la mtandao, linalotafuta njia kutoka mji hadi mji kwa kutumia anwani. La nne ni la uchukuzi, linalohakikisha kwamba vipande vyote vimefika na kwa mpangilio wake. La tano ni la kikao, linalofungua na kufunga mazungumzo. La sita ni la uwasilishaji, linalogeuza herufi na picha ziwe katika namna inayofahamika pande zote mbili. La saba ni la matumizi, ambalo hushughulikia huduma anayoitaka mtu: barua, picha, au malipo.

Wakati huo huo kulikuwa na mpango mwingine. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Vinton Cerf na Robert Kahn, walieleza namna ya kuunganisha mitandao ya aina mbalimbali. Tarehe 1 Januari 1983 mtandao wa utafiti wa serikali ya Marekani, ARPANET, uliuhamia utaratibu uliotokana na kazi yao. Mpango huu una matabaka manne tu: kiungo, mtandao, uchukuzi na matumizi. Huu ndio uliotangulia kufanya kazi, ukaenea, na ndio unaobeba intaneti hadi leo. Ule wa matabaka saba umebaki kuwa ramani ya walimu na mafundi. Ndiyo maana fundi husema, "Kasoro hii ni ya tabaka la tatu," na mwenzake popote duniani akamfahamu.

SAFARI YA PICHA MOJA

Askari anampelekea mkewe picha ya baiti milioni tatu. Picha hiyo haisafiri ikiwa nzima. Mzigo unaobebwa kwa safari moja kwa kawaida hauzidi baiti 1,500, na katika hizo, 40 au zaidi huchukuliwa na maandishi ya bahasha za tabaka la uchukuzi na la mtandao. Kwa hiyo picha hukatwa vipande kama 2,000, kila kimoja kikiwa na namba na anwani yake. Vipande huweza kupita njia tofauti. Kimoja kikipotea, tabaka la uchukuzi hukiomba tena, na mama aliye nyumbani huona picha kamili bila kujua kwamba kulikuwa na upotevu.

AJALI ZILE MBILI

Sasa tuzirudie zile siku mbili. Tarehe 12 Mei 2024, kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kaskazini ya Durban, Afrika Kusini. Hilo ni tabaka la kwanza. Programu zilikuwa nzima na anwani zilikuwa sahihi, ila sehemu kubwa ya njia ya mwanga ilikatika. Nchi isiyo na pwani kama Uganda hutegemea kebo zinazotua pwani za majirani, hivyo jeraha la baharini lilisikika hadi bara. Dawa yake ilikuwa kupitisha mizigo katika kebo nyingine zilizobaki, na kupeleka meli ya kutengeneza.

Tarehe 4 Oktoba 2021, kebo zilikuwa salama. Katika matengenezo ya kawaida, amri moja ilikata kwa bahati mbaya viungo vya ndani vya kampuni ya Facebook, mwenye WhatsApp. Kompyuta zake zinazotunza daftari la majina zikaacha kuitangazia dunia njia ya kuzifikia. Hiyo ni kasoro ya tabaka la mtandao, iliyoangusha matabaka ya juu. Huduma za kampuni nyingine ziliendelea. Aliyelaumu simu yake siku ile, au mnara wa karibu, aliwaonea bure.

FAIDA NYUMBANI

Basi ujumbe ukikwama, usikimbilie kununua simu mpya, wala usimdhanie vibaya aliyenyamaza. Anza chini, upande juu. Kwanza, je, chaji ipo, na alama ya mnara au ya waifai inaonekana? Pili, ikiwa waifai imeshika lakini hakuna kinachofunguka, mwulize jirani anayetumia kampuni nyingine. Akiwa yeye anapata, shaka iko katika njia ya kampuni yako, au bando lako limekwisha. Tatu, fungua huduma nyingine. Ikifunguka, matabaka ya chini ni mazima, na kasoro ni ya huduma ile moja. Nne, jaribu ujumbe mfupi wa kawaida wa simu, kwa kuwa huo una njia yake, na huweza kufika hata intaneti ikiwa imelala.

Kuna na jambo la usalama. Huduma nyingi siku hizi hugeuza maneno kuwa fumbo katika matabaka ya juu, kabla hayajashuka. Anayechungulia njiani hasomi yaliyoandikwa. Hata hivyo bahasha ya nje haifichwi: anwani, saa ya kutumwa na ukubwa wa mzigo hubaki wazi, na mnara hujua simu iko upande gani. Askari aliye kazini asidhani kwamba fumbo la maneno ni kificho cha mahali alipo.

Mafundi wana mzaha kwamba juu ya matabaka saba kuna la nane, nalo ni mtu mwenyewe. Mzaha huu una maana nzito. Mlaghai anapomwandikia mama wa kambini, "Mumeo amelazwa, tuma fedha upesi kwa namba hii," ujumbe wake hufika bila kasoro. Waya haukukatika, njia haikupotea, hakuna kipande kilichokosekana, na fumbo halikuvunjwa. Matabaka yote saba yamefanya kazi yake kwa uaminifu, kwa sababu hakuna hata moja lililopewa kazi ya kupima ukweli.

Kazi hiyo ni yako wewe msomaji. Kabla ya kutuma shilingi hata moja, mpigie mumeo kwa namba unayoijua, au mwulize mkubwa wake kambini.